Kikombe cha Dukani

"Kitendawili," Bibi alisema.

"Tega," Chiriku akajibu kutoka kwenye kizingiti, miguu ikicheza.

"Nina mgeni anakunywa sana, lakini ukiuliza anakunywa kiasi gani, kila mtu ana jibu lake."

Chiriku alifikiri, akataja mtoto mchanga, akataja mchanga wenyewe, akataja mjomba wake, na hapo Bibi akacheka mpaka kanga ikamteleza begani. "Mjomba wako mwache. Nipe mji."

"Chukua mji."

Kabla Bibi hajautwaa huo mji, sauti ilitoka chini ya gari. "Mgeni huyo ni Shangazi, Mama. Na leo atanitoa roho."

Shangazi ndilo jina walilolipa gari lao, kwa sababu lililalamika njia nzima lakini halikuwahi kukosa kufika. Lilikuwa limeinuliwa mbele kwa jeki na mawe mawili, pembeni mwa nyumba, karibu na dirisha la kiduka ambamo Mama Chiriku aliuza mafuta ya kupikia ya kupima. Chini yake alilala Baba Chiriku, mume wake, chali juu ya gunia, uso umejaa madoa meusi. Alikuwa amekwisha kumwaga oili yote ya zamani. Alikuwa amekwisha kufunga chujio jipya. Sasa alikuwa na dumu la bati la lita tano, halijafunguliwa, na hakujua atie kiasi gani.

Na kesho asubuhi ilikuwa safari. Bibi, mama yake Baba Chiriku, alikuwa na zamu ya kupasuliwa mtoto wa jicho katika hospitali ya ng'ambo ya mlima. Zamu ile waliingoja tangu macho ya Bibi yalipoanza kuona watu kama moshi. Ukiikosa, unarudi mwisho wa foleni, na Bibi hakuwa na umri wa kurudi mwisho wa foleni.

"Kitabu cha gari kinasemaje?" Mama Chiriku aliuliza kutoka dirishani.

"Kinasema lita tatu na robo. Lakini kitabu ni cha Shangazi na injini si ya Shangazi. Ile yake ilikufa, hii aliwekewa. Ni sawa na kumshonea mtu suruali kwa kipimo cha ndugu yake."

"Basi rudisha kiasi kilekile kilichotoka."

"Kilichotoka ni kidogo, mke wangu. Limekuwa likiila oili hili, nikirudisha kilichotoka nitakuwa nimerudisha njaa." Akajitoa chini ya gari, akafuta mikono kwenye kitambaa. "Na kijana wa duka la vipuri ananiambia tano. Nimemuuliza kwa nini tano, akasema kwa sababu dumu ni la tano."

Bibi akacheka tena. Baba Chiriku hakucheka. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Alipokuwa kiwandani, kabla hakijafungwa, alikuwa msimamizi wa mizani, na hata leo angekata mkate akautazama kwa jicho moja kuona kama vipande ni sawa. Alichukua simu akampigia Fundi Mwavuli, yule mzee aliyeifunga ile injini, ambaye sasa alikuwa amehamia kwa mwanawe na kifua kilikuwa kinamsumbua. Aliweka simu juu ya boneti, sauti wazi, apate kushika kalamu.

"Ile injini," Fundi Mwavuli alisema, akakohoa, akasema tena, "ile injini inakunywa lita nne na robo, ukibadilisha pamoja na chujio. Nne na robo. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee wangu."

"Usipunguze, chuma kitasagana na chuma. Usizidishe, itapiga povu na kutapikia kwenye sili, zile raba za kuzuia kuvuja. Na kile kijiti cha kupimia usikitazame. Cha asili kilivunjika, hicho nilikichonga kwa waya wa mwavuli nizibe tundu vumbi lisiingie. Alama zake hazina maana yoyote."

"Kumbe ndiyo maana kila siku kinasema imejaa."

"Hicho kitakwambia imejaa hata siku ya kuzikwa. Sasa wewe unapita ule mlima. Sikiliza. Injini ikikosa oili, haikamati ikaganda hapo nyumbani ukanishukuru. Inakamata mlimani ikichoka. Na ikikamata kwenye ule mteremko, usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta. Nimekwenda kuwavuta watu kule chini. Sitaki kusema zaidi, kuna mtoto hapo namsikia."

Mama Chiriku aliyasikia yote dirishani. Yalimtia baridi mgongoni, lakini ilikuwa baridi ya maneno tu, kama ya mtu anayesikia msiba wa mtaa wa pili.

*

Mama Pacha alikuja na chupa yake wakati jua linaanza kupoa. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mama wa mapacha, mnene wa mwili na mwepesi wa maneno, na kila jioni alinunua mafuta nusu lita.

"Nipimie, jirani. Na usinipimie kwa macho."

Mama Chiriku alicheka, akanyoosha mkono chini ya meza kuchukua kikombe. Mkono ukashika hewa. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Kikombe hakikuwapo.

Hapa yapasa niseme kuhusu vikombe vile. Vilikuwa viwili, vyote vya bati, vyote vya nusu lita, vimenunuliwa siku moja na ukivitazama kwa nje ni kama mapacha wa huyo mteja. Kimoja kilikaa jikoni, cha unga na maji. Kingine kilikaa dukani. Mwaka ambao kiwanda kilifungwa, bei ya mafuta ya jumla ilipanda na wateja wakaanza kununua kwa manung'uniko. Mama Chiriku aliogopa kupandisha bei. Badala ya bei akapandisha kitako cha kikombe. Alikiweka juu ya jiwe, kinywa chini, akakigonga kitako kwa mchi, taratibu, mpaka kitako kikaingia ndani kama kitovu. Nani atazame ndani ya kikombe kilichojaa mafuta? Mumewe hakujua. Tangu hapo nyumba ilikula, ada ililipwa, na kikombe cha jikoni hakikupata kuingia dukani, wala cha dukani kuingia jikoni.

"Umekwama nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Ngoja kidogo, shoga."

Alikwenda jikoni akakichukua kile cha nyumbani, akampimia. Mama Pacha aliinua chupa yake kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa yamefika shingoni.

"Haa. Leo umenipenda? Siku zote yanaishia hapa begani."

"Mkono umeteleza."

"Basi uteleze na kesho." Akatoa kichupa cha rangi ya kucha kutoka kwenye pochi, akachora mstari mdogo mwekundu pale mafuta yalipoishia, akicheka. "Nimetia alama. Mkono usije ukasahau."

Mama Chiriku alicheka naye, lakini kicheko kilimkaukia midomoni. Kwa maana juu ya bega la Mama Pacha, kule pembeni, alimwona mumewe amesimama mbele ya boneti iliyofunguliwa. Mkono mmoja faneli. Mkono wa pili kikombe cha bati.

"Saba," Baba Chiriku alihesabu kwa sauti, ili binti yake ashike hesabu pamoja naye.

"Saba," Chiriku akaitikia.

"Nane. Na sasa nusu ya kikombe, ili tupate ile robo. Nusu barabara, usipumue."

Mama Chiriku alifungua kinywa. Mama Pacha alikuwa bado pale, anafunga kizibo. Ilikuwa kiasi cha kusema neno moja tu, chukua kile cha jikoni. Na mumewe angeuliza, kuna tofauti gani? Na Mama Pacha angegeuka, na chupa ile yenye mstari mwekundu mkononi. Akafunga kinywa.

"Mke wangu," Baba Chiriku aliita kwa furaha, akilitikisa dumu sikioni. "Sikia maajabu. Ilipaswa kubaki robo tatu ya lita humu. Imebaki kama mara mbili yake. Kiwanda cha oili kimetupa nyongeza."

"Hicho kiwanda kina Mungu," alisema Mama Pacha. "Kesho nipeni lifti, nami nikamwone dada yangu kule ng'ambo. Nitachangia petroli."

"Nafasi ipo," Baba Chiriku alisema. "Tutaondoka alfajiri."

*

Magharibi, Bibi alipokuwa anasali na Baba Chiriku anaoga, Mama Chiriku alijifungia jikoni na vikombe vyote viwili na ndoo ya maji. Alivipanga sakafuni. Akajaza kile cha dukani, akamimina kwenye sufuria. Mara tano. Kisha akayachota maji yaleyale kwa kile cha jikoni.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Sufuria ikawa tupu.

Alibaki amechuchumaa, akiutazama utupu ule. Vitano vyake vilikuwa vinne vya kweli. Kwa miaka yote hakupata kuipima hila yake mwenyewe, aliiacha iwe "kidogo tu". Sasa ile kidogo tu ilikuwa imekusanyana ndani ya injini. Vikombe vinane na nusu vya uongo. Karibu vikombe viwili vya oili havikuwapo mahali ambapo mumewe aliamini vipo.

Aliwaza kutoka sasa hivi, afungue boneti, aongeze kutoka kwenye dumu. Aongeze kiasi gani? Kama amekosea hesabu na ikazidi, si ndiyo povu na kutapika? Akaona aende, hata hivyo. Alipofika nje alikuta mumewe amekwisha kulifunga gari, dumu limo kwenye buti, funguo anazo mfukoni, na yeye mwenyewe amesimama anaipangusa taa kwa taulo la kuogea.

"Unatafuta nini gizani, mama watoto?"

"Nilitaka... hilo dumu."

"La nini? Limo ndani, la akiba ya njiani." Alimtazama vizuri. "Mbona umekuwa hivyo? Unaogopa mlima?"

"Naogopa."

"Usiogope. Mwaka jana ningeogopa mimi. Lakini leo nimetia kipimo cha fundi, kwa mkono wangu, kikombe kwa kikombe, na mtoto shahidi." Alisema kwa furaha ya mtu ambaye kwa siku nyingi hakuwa na kitu cha kujivunia, na furaha ile ilimfunga mkewe mdomo kuliko hasira ambayo angeweza kuwa nayo. "Mama ataona tena. Umewaza hilo? Ataona uso wako."

Mama Chiriku akasema moyoni, nitamwambia alfajiri. Wakiwa wawili tu, anapasha moto injini. Nitasema haraka kama mtu anayeng'oa mwiba.

*

Alfajiri alipotoka na chai, Mama Pacha alikuwa amekwisha kukaa kiti cha nyuma, kikapu mapajani, kitambaa kipya kichwani.

"Nimeamka kabla ya jogoo," alisema. "Mtu wa lifti hachelewi."

Bibi aliketi mbele, mkono umeshika mkoba wake. Chiriku alikuwa nyuma na chupa yake ya maji ya shuleni, kwa maana alikataa kabisa kuachwa. Ndiye aliyekuwa macho ya Bibi, alisema, na macho hayaachwi nyumbani. Baba Chiriku alikuwa ameiwasha injini. Ilinguruma vizuri. Hilo ndilo lililomtisha zaidi Mama Chiriku, kwamba ilinguruma vizuri vile.

Alimwita mumewe pembeni. "Njoo mara moja."

"Tumechelewa, mke wangu."

"Neno moja tu."

"Nipigie simu," Baba Chiriku alisema, akifunga mkanda. Halafu akatabasamu. "Ah, nimesahau. Dereva hapokei simu." Aliitia simu yake kwenye kisanduku cha mbele, kama alivyofanya siku zote, akakifunga.

Mama Chiriku alishika dirisha la gari. Mama Pacha alikuwa akimtazama, macho mawili ya ujirani, hayana ubaya wowote. Akaliachia.

"Nendeni salama," alisema.

Alisimama barabarani mpaka sauti ya Shangazi ilipozimika. Kisha akarudi, akafungua dirisha la duka, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Kikombe cha dukani kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Mumewe alikiosha kwa sabuni mpaka kikang'aa.

Hapo alikaa. Kila lori lililopita lilimfanya ageuke. Kwa mawazo aliwaona wakipita soko la juu, wakipita daraja, wakianza kona za kwanza. Aliiona oili ikirudi chini ya injini na kuacha vyuma vikavu. Alimwona Chiriku. Akili haikukubali kumwona Chiriku, ikawa inageukia kwenye chupa tu, ile chupa ya maji ya buluu, ikibingirika peke yake kwenye mawe.

Alichukua simu akapiga ya mumewe, akijua. Iliita ndani ya kisanduku mpaka ikakata. Akapiga ya Bibi.

Simu ya Bibi ilikuwa kuukuu, kile kipaza sauti kidogo cha sikioni kilikuwa kimekufa, ikawa inatumia spika ya nje tu, kwa hiyo kila aliyempigia alisikika na wote waliokuwa karibu. Chiriku ndiye aliyepokea.

"Mama! Tuko juu sana. Naona mawingu."

"Mko wapi, mwanangu? Mmeanza kushuka?"

"Bado kidogo. Mama, kile kitaa chekundu chenye picha ya birika kinawaka. Tukikata kona kinawaka, tukinyooka kinazima. Baba anasema ni waya."

Mama Chiriku alikijua kitaa hicho, ni cha oili. "Mwambie Baba asimame."

"Kuna nini?" Sauti ya mumewe ilitoka mbali, juu ya ngurumo. "Siwezi kusimama hapa, kuna lori nyuma yangu."

Akatafuta njia ya kupita. Mtu aliyebanwa hutafuta hata tundu la sindano. "Nimeona oili hapa. Chini, pale gari lilipolala. Linavuja. Simama uangalie."

"Pale pakavu. Niliinama kabla ya kuondoka, nikapapasa kwa mkono. Labda ni ile ya zamani niliyomwaga."

"Ni mpya."

"Mke wangu, umelala kweli? Nimepima mwenyewe. Nne na robo. Kama ni woga, soma dua, sisi tunafika."

"Mwache mwenzio," alisikika Mama Pacha akicheka. "Sisi wake ndivyo tulivyo, tunaendesha gari tukiwa jikoni."

Kisha Chiriku: "Kimewaka tena, Baba. Na hatujakata kona."

Mama Chiriku alifumba macho. Aliona kwamba sentensi yenyewe ni fupi, na kwamba akiisema, kesho hatakuwa na mteja hata mmoja, na jina lake litapita nyumba kwa nyumba kabla ya chai. Na aliona kwamba Mama Pacha ataisikia kwanza kuliko wote, kwa kuwa masikio ya mtu wa kiti cha nyuma yako wazi siku zote.

"Hukutia nne na robo," alisema. "Kikombe ulichotumia si nusu lita. Kina kitako cha juu. Nilikigonga mwenyewe ili nipate faida. Vitano vyake ni vinne. Umetia tatu na kitu, na hakuna nyongeza yoyote kwenye dumu, ile ni oili yako ambayo hukuitia."

Simuni ilisikika ngurumo ya Shangazi, na ndani ya ngurumo ile mlio mwembamba wa kugonga, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

"Unasema nini?" Baba Chiriku alisema taratibu.

"Anasema kweli," ilikuwa sauti ya Bibi. "Mimi ndiye ninayeviosha vikombe hivyo. Siioni rangi, lakini kitako cha kile cha dukani nakijua kwa vidole. Simama, mwanangu. Lori litapiga honi, halitatuua. Simama."

Honi ilipiga kweli, ndefu, ya hasira. Kisha kokoto zikalia chini ya matairi. Kisha ngurumo ikakatika.

Mama Chiriku alisikia mlango ukifunguka, boneti ikiinuliwa. Alisikia upepo wa mlimani ukipuliza kwenye simu. Mumewe alirudi karibu, lakini hakumsemesha yeye. Alisema kama anazungumza na gari.

"Niongeze kiasi gani? Nikitia dumu zima itazidi. Kikombe hapa hakuna, na kama kingekuwepo..." Hakumaliza.

"Chiriku," Mama Chiriku alisema haraka. "Chupa yako ya maji. Chini imeandikwa nini?"

"Imeandikwa robo tatu."

"Baba Chiriku, nisikilize hili tu. Dumu lilikuwa tano kamili, lilikuwa limefungwa. Injini inataka nne na robo. Kwa hiyo kinachotakiwa kubaki nje ni robo tatu, hakuna kingine. Mwaga maji ya mtoto, ikaushe chupa. Ijaze oili kutoka kwenye dumu mpaka juu. Hiyo ndiyo ya kubaki. Iliyosalia kwenye dumu yote itie ndani."

Alijua mumewe anapiga hesabu. Alikuwa mtu wa mizani.

"Maji yangu," Chiriku alisema.

"Nitakupa ya kwangu," Mama Pacha alisema. Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Lete nikaushe kwa kitambaa changu."

Simu ikakatwa.

*

Walifika. Bibi alipasuliwa. Habari hizo Mama Chiriku alizipata kwa Bibi, maneno machache, bila salamu za mtu mwingine yeyote. Siku waliporudi, Baba Chiriku aliliegesha gari mahali pake, akamshika mama yake mkono akamwingiza ndani, jicho moja limefungwa bandeji. Kisha alikuja dirishani kwa mkewe, akaweka mezani chupa ya buluu iliyojaa oili mpaka kizibo, akaenda kuoga. Chakula alikula. Shukrani ya chakula alimpa Bibi.

"Kitendawili," Bibi alimnong'oneza mkwewe walipobaki wawili.

"Sina moyo wa vitendawili, Mama."

"Basi nitajitegea mwenyewe. Wawili walijua, wa tatu ndiye aliyebeba. Tulijua mimi na wewe, akabeba mwanangu." Alimpapasa uso kwa vidole, kama alivyozoea, kisha akaondoa vidole, akainua bandeji kidogo, akamtazama kwa jicho lile lililopasuliwa. "Umekonda. Sikujua umekonda hivi. Ningesema mapema, lakini nami nilikula."

Asubuhi yake Mama Chiriku alikiweka kikombe cha dukani juu ya jiwe, kinywa chini, akakigonga kwa mchi mpaka kikapasuka. Akakitupa. Akaleta kile cha jikoni, akafungua dirisha, akangoja. Barabara ilikuwa na watu. Walipita. Wengine walisalimia wakiwa wamekwisha kupita. Akajua kwamba habari imefika, na akajua imefika kwa mdomo gani, na hakuwa na haki ya kukasirika. Ilikuwa kama siku ile ya mlima, tofauti yake hapa hapakuwa na mtu wa kumpigia.

Jua lilikuwa limepanda alipomwona Mama Pacha akija, chupa mkononi. Hakuwa peke yake. Nyuma yake walikuwa wanawake wawili, watatu, kila mmoja na chupa yake kwapani, kimya kama watu wanaokwenda kutoa ushahidi.

Mama Pacha aliweka chupa mezani. Mstari mwekundu wa rangi ya kucha ulikuwa bado pale, shingoni.

"Nipimie," alisema. "Mpaka hapo."

Mama Chiriku alichota. Tone moja likaanguka mezani. Alimimina, na wote wakainama kuyatazama mafuta yakipanda, polepole, yakapita begani, yakaingia shingoni, yakasimama kwenye mstari.

Mama Pacha aliinua chupa kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Alilipa. Lakini hakuondoka. Alisogea hatua moja pembeni, akaiacha chupa yake ile mezani, mstari umeelekea nje.

"Sasa mpimie na huyu," alisema. "Nami nipo."

Alimpimia huyo, na aliyemfuata, na aliyemfuata. Hakuna aliyetania. Mama Pacha alilinganisha kila chupa na yake, akitikisa kichwa kukubali kama mwalimu. Mama Chiriku hakuinua macho mpaka alipoona mkono wa mwisho, mpana, wenye weusi wa oili ndani ya kucha usiotoka hata kwa sabuni. Mkono ule uliweka mezani chupa ya buluu ya shule. Ilikuwa tupu, imeoshwa.

"Na mimi," Baba Chiriku alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkewe tangu mlimani. "Kikombe kimoja na nusu. Nataka kuona kama itajaa."

Akainama karibu na meza, akafumba jicho moja, akangoja mkewe amimine.